Nani Anachagua Sanamu ya Trafalgar Square? Dhana Potofu na Ukweli

Septemba 2022 Mwafrika mwenye kofia pana alisimama katikati ya London, kimo chake mita 5, karibu na nguzo ya Admirali Nelson, kamanda wa wanamaji Waingereza katika pigano la Trafalgar. Ni John Chilembwe, mchungaji wa Kibaptisti kutoka Nyasaland, ambayo leo ni Malawi. Pembeni yake kulikuwa na mmisionari Mwingereza, John Chorley, mwenye kimo cha mtu wa kawaida. Picha hizo zilipotufikia huku kwetu, kila mtu alikuwa na maelezo yake. Mmoja alisema Waingereza wameomba radhi, mwingine akasema wananchi walipiga kura, na wa tatu akaapa kwamba Chilembwe atakaa pale milele. Karibu yote hayo si kweli.

Kwanza tupafahamu mahali penyewe. Uwanja wa Trafalgar una majukwaa manne ya mawe ya kusimamishia sanamu. Matatu yana wenyewe: Mfalme George IV, na majenerali wawili waliopigania himaya kule India, Napier na Havelock. La nne, kwenye kona ya kaskazini-magharibi, lilijengwa mwaka 1841 ili Mfalme William IV akae juu yake akiwa amepanda farasi. Fedha zikaisha. Farasi hakuja, mfalme hakuja, na jiwe likabaki tupu kwa zaidi ya miaka 150. Kati ya 1999 na 2001 taasisi ya Royal Society of Arts ilijaribu kuweka kazi tatu za wasanii wa kisasa, moja baada ya nyingine. Tangu 2005 ofisi ya Meya wa London imeendeleza utaratibu huo: sanamu inakaa mwaka mmoja na nusu, miwili, au zaidi kidogo, kisha inampisha mwenzake. Hayo ndiyo maonyesho yenye jukwaa moja tu, na huenda hakuna sanamu za nje duniani zinazobishaniwa kuliko hizi.

"Wananchi wanapiga kura, mwenye kura nyingi anashinda"

Dhana hii ina chembe ya ukweli, ndiyo maana haifi. Wasanii walioingia orodha fupi hutengeneza modeli ndogo, na modeli hizo huonyeshwa hadharani, mara nyingi katika jumba la sanaa la National Gallery lililo hatua chache tu kutoka uwanjani. Watu hupita, hutazama, hutoa maoni yao. Mwaka 2021 modeli zilikuwa sita, na watu wapatao 17,500 walisema wanachopenda.

Anayeamua lakini ni kamati. Ndani yake wamo wasanii, wasimamizi wa makumbusho na watu wengine wanaoifahamu kazi hii, na maoni ya umma huwekwa mezani pamoja na mambo mengine. Mwaka huo kamati ilichagua kazi mbili kwa mpigo: ya Samson Kambalu, Mmalawi aliyemchonga Chilembwe, na ya Teresa Margolles wa Mexico, iliyosubiri zamu yake hadi 2024. Kati ya zilizokosa ilikuwamo ya Ibrahim Mahama wa Ghana, aliyetaka kusimamisha ghala la nafaka la enzi za Nkrumah, lililotelekezwa na kuota majani. Hadi leo naisikitikia hiyo. Ingezungumza na kila nchi ya Afrika yenye ghala la namna hiyo, na ni chache zisizo nalo.

Mara moja tu bahati nasibu ilitawala kweli. Mwaka 2009 Antony Gormley hakuleta sanamu. Alileta watu 2,400, kila mmoja akisimama jukwaani saa moja, usiku na mchana, kwa siku 100. Walioomba walizidi 34,000, na majina yalichaguliwa kwa kura za kubahatisha. Waliopata nafasi walifanya walichotaka, mvua inyeshe isinyeshe.

"Meya akitaka, imekwisha"

Muulize Ken Livingstone. Akiwa meya alitaka sanamu ya Nelson Mandela isimamishwe hapo Trafalgar, upande wa kaskazini wa uwanja. Meya, Mandela, London: nani angekataa? Halmashauri ya Westminster ilikataa, kwa sababu ndiyo inayotoa vibali vya ujenzi eneo hilo. Mabishano yalichukua miaka. Mwishowe Mandela alisimamishwa kwenye uwanja wa Bunge, Agosti 2007, naye mwenyewe akahudhuria uzinduzi. Kazi za Jukwaa la Nne nazo hupita mlango huo huo wa kibali. Kamati ikishamaliza kuchagua, bado kuna ofisi nyingine inayoweza kusema hapana.

"Msanii analeta sanamu aliyokwisha kuichonga"

Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea, pengine kwa sababu ya mazoea ya vinyago: unaingia kibandani, unavikuta vimepangwa, unachagua, unalipa. Huku mambo yanakwenda kinyume. Kamati inachagua wazo na modeli inayobebeka mkononi. Kabla ya uamuzi kuna upembuzi yakinifu: uzito utabebwaje na jiwe la mwaka 1841, upepo utaisukumaje, kreni itapita wapi, ndege wakitua itakuwaje, na umeme, kama upo, utafikaje juu. Hilo la umeme si utani. Mwaka 2015 Hans Haacke aliweka mifupa ya farasi yenye utepe wa taa uliokuwa ukionyesha bei za hisa za soko la London papo hapo. Farasi wa William IV alifika hatimaye, akiwa mifupa mitupu.

Kuna pia suala la kipimo, ambalo modeli inaweza kulificha. Mark Wallinger, wa kwanza kabisa mwaka 1999, aliweka Kristo mwenye kimo cha binadamu wa kawaida, mweupe, amevishwa taji la seng'enge, kwenye ukingo wa jukwaa. Kati ya wafalme na majenerali wale, alionekana mdogo kama mtu aliyepotea njia. Wallinger alikusudia hivyo hivyo. Asiyekusudia, udogo kama huo ungemwaibisha. Michael Rakowitz, kwa upande wake, aligundua kwamba urefu wa jukwaa unakaribiana sana na ule wa lamasu, fahali mwenye mabawa na uso wa mtu aliyelinda lango la Ninawi, mji wa kale wa Iraki, tangu karibu mwaka 700 kabla ya Kristo hadi wanamgambo wa ISIS walipomvunja mwaka 2015. Akamjenga upya kwa makopo 10,500 matupu ya asali ya tende ya Iraki, akamsimamisha hapo mwaka 2018. Ukiuliza kwa nini wazo lake lilishinda, sehemu ya jibu iko kwenye futikamba.

"Kuwekwa pale ni kutukuzwa"

Turudi kwa Chilembwe. Kambalu hakuitunga ile sura kichwani mwake. Aliichukua kwenye picha iliyopigwa mwaka 1914, kanisa jipya la Chilembwe lilipofunguliwa. Mwafrika hakuruhusiwa kuvaa kofia mbele ya Mzungu, na Chilembwe kavaa. Ukiitazama picha kwa haraka, ni wanaume wawili tu wamesimama. Kambalu alichofanya ni kumkuza mmoja na kumwacha mwingine kama alivyo, na ubishi wote uko hapo. Jina la kazi yenyewe, kwa Kiingereza, maana yake ni swala, kutokana na maana ya jina Chilembwe.

Habari hii inatugusa kuliko tunavyodhani. Septemba 1914 Waingereza na Wajerumani walipigana Karonga, mpakani na koloni la Wajerumani ambalo leo ni Tanzania bara. Waafrika walikufa pande zote mbili. Chilembwe akaandika barua gazetini akiuliza kwa nini watu wake wafe katika vita isiyowahusu. Januari 1915 akaanzisha uasi, na mwezi uliofuata akauawa. Vita hiyo hiyo ndiyo iliyoendelea kukusanya wapagazi wa jeshi, wale wa "Carrier Corps", ambao jina lao tunalitamka kila siku tukienda Kariakoo.

Kwa hiyo je, Waingereza wameomba radhi? Hapana. Kamati ya sanaa haina mamlaka ya kuomba radhi kwa niaba ya serikali, wala haikudai kufanya hivyo. Ilichagua kazi itakayowafanya wapita njia waulize, "Huyu ni nani?" Yinka Shonibare, Mwingereza mwenye asili ya Nigeria, alifanya jambo la aina hiyo mwaka 2010 alipoiweka meli ya Nelson ndani ya chupa na kuipa matanga 37 ya kitenge. Nguo tunayoiita ya Kiafrika ilianzia batiki za Indonesia, ikaigwa viwandani na Waholanzi, ikauzwa Afrika Magharibi. Meli, biashara na himaya, vyote katika chupa moja. Sijui kama huko ni kumsifu Nelson au kumcheka, na nadhani Shonibare hakutaka nijue.

"Watu wakilalamika, uchaguzi ulikuwa mbaya"

Wangesubiri kazi isiyolalamikiwa, jiwe lingekuwa tupu hadi leo. Mwaka 2005 Marc Quinn alimweka msanii Alison Lapper, aliyezaliwa bila mikono na mwenye miguu mifupi, akiwa uchi na mjamzito, kwa marumaru nyeupe ya Carrara. Kelele zilikuwa nyingi. Miaka saba baadaye nakala yake kubwa ya kujazwa hewa ilitumika kwenye sherehe ya ufunguzi wa Paralimpiki mjini humo. Jogoo wa buluu wa Katharina Fritsch, wa mwaka 2013, naye alipingwa na wahifadhi wa mtaa. Jogoo ni nembo ya Ufaransa, na uwanja huu umeitwa kwa jina la pigano ambalo Wafaransa walishindwa. Jogoo la shamba haliwiki mjini, tunasema. Hili liliwika mwaka mzima na ushee.

"Sanamu ya nje ni ya kudumu"

Hata zile zinazoitwa za kudumu huhama. Dar es Salaam, mahali anaposimama askari wa shaba tangu 1927, Wajerumani walikuwa wamemweka gavana wao Hermann von Wissmann. Waingereza walimwangusha, wakampeleka London kama nyara ya vita. Baadaye alirudishwa Ujerumani, akasimamishwa Hamburg, na miaka ya 1960 wanafunzi wakamwangusha tena.

London wameamua kuanza na kuhama. Anayejua kazi itaondoka baada ya miaka miwili anathubutu kuchagua kitu ambacho hangekichagua kwa miaka mia, na naona hiyo ndiyo siri ya jukwaa lile. Zikiondoka, kila moja hupata njia yake. Meli ya Shonibare ilinunuliwa kwa michango ya umma, ikapelekwa Greenwich kwenye makumbusho ya bahari. Jogoo wa buluu yuko juu ya paa la jumba la taifa la sanaa mjini Washington.

Chilembwe alishuka 2024 akampisha Margolles. Kazi ya Margolles ni sura za plasta zilizochukuliwa kwenye nyuso za watu 726 waliobadili jinsia au wasiofuata mgawanyo wa kawaida wa jinsia, wa Mexico na Uingereza, zikapangwa safu kwa safu kulizunguka sanduku kubwa. Hakuzipaka kinga. Kamati ilijua tangu siku ya modeli kwamba mvua ya London ingezila nyuso hizo taratibu, na ikazichagua hivyo hivyo.