Harriet Tubman hakutorosha watu 300

Husemwa kwamba Harriet Tubman, Mmarekani mweusi aliyetoroka utumwani, alirudi Kusini mwa Marekani, kwenye majimbo yenye utumwa, mara 19 akatorosha watumwa 300. Hesabu hiyo ilienezwa na Sarah Bradford, mwandishi wa maisha yake, baada ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani (1861–1865). Wanahistoria leo wanakadiria safari 13 hivi na watu wapatao 70, wengi wao ndugu na jamaa zake wa Maryland.

Na ile zawadi ya dola 40,000 inayosemwa iliahidiwa kwa atakayemkamata? Tangazo linalojulikana, la Oktoba 1849, liliahidi dola 100 tu, akikamatwa nje ya jimbo la Maryland.

Ajabu ni kwamba tukio kubwa zaidi husahaulika: Juni 1863, kwenye Mto Combahee, South Carolina, alisaidia kuongoza wanajeshi wa Kaskazini waliokomboa watu zaidi ya 700.