Nyimbo 24 za Culture II: maneno ya Busia na ukweli wake

Kwa miaka kadhaa nilikuwa na meza karibu na paki ya taksi hapa Busia, upande wa Uganda. Kompyuta moja, spika mbili, na kazi ya kupakia nyimbo kwenye memori kadi na flashi. (Haki ya msanii haikufika mbali pale mezani, nakiri.) Mpakani Kiswahili ndiyo lugha ya biashara, na ndiyo lugha ya ubishi vilevile. Ubishi uliodumu kuliko yote ulianza Januari 2018, Migos, kundi la rap la wale vijana watatu wa kaunti ya Gwinnett nje ya Atlanta, Marekani, walipotoa albamu ya Culture II. Nyimbo 24, saa moja na dakika 45. Ukiianzisha taksi ikitoka Busia, Bugiri unaipita, na huenda ukashuka Iganga Quavo, mmoja wa wale watatu, bado hajamaliza.

Yaliyosemwa pale mezani wakati ule bado nayasikia, na mengi hayana miguu.

“Ilishika namba moja, basi ilikuwa kali.”

Kushika namba moja ilishika. Lakini namba ya Billboard 200, chati ya albamu ya Marekani, haipimi utamu. Tangu Desemba 2014 chati hiyo ilianza kuchanganya albamu zilizonunuliwa na nyimbo zilizosikilizwa mtandaoni, na wakati ule nyimbo za albamu zikisikilizwa jumla ya mara 1,500 zilihesabiwa kama albamu moja iliyouzwa. Sasa chukua kalamu. Culture ya kwanza, ya 2017, ilikuwa na nyimbo 13. Ili kufikisha 1,500 unahitaji watu 116 wanaoisikiliza yote mara moja. Kwa Culture II yenye nyimbo 24, watu 63 wanatosha. Albamu mpya haikuhitaji kupendwa zaidi, ilihitaji kuachwa iendelee kucheza tu.

Matokeo yalionekana wiki ya kwanza. Culture ilianza na hesabu ya albamu 131,000, na kati ya hizo 44,000 zilinunuliwa nzima. Culture II ilianza na 199,000, zilizonunuliwa nzima zikiwa 38,000. Jumla imepanda, walionunua albamu wamepungua. Mtu akiniuliza kama mashabiki waliipokea vizuri kuliko ile ya kwanza, namwonyesha ile 44,000 na ile 38,000, ananyamaza kidogo.

Tena kuna waliojigamba kwamba Uganda tuliisukuma hadi juu. Billboard 200 inahesabu Marekani peke yake. Memori kadi zote nilizojaza hazikuongeza hata moja.

“Walirefusha kwa sababu dakika nyingi ni pesa nyingi.”

Hapa hata wajanja wanateleza. Kinacholipa ni idadi ya nyimbo. Spotify, mtandao wa kusikiliza muziki, huhesabu wimbo umesikilizwa ukipita sekunde 30, na wimbo wa dakika mbili na wa dakika tano unahesabiwa sawasawa. Kwa hiyo msanii anayewaza hesabu tu angekata nyimbo zake ziwe fupi na nyingi. Culture II haikufanya hivyo: nyimbo zake nyingi zinapita dakika nne, kiitikio kinarudi na kurudi hata baada ya kusema kilichokuwa nacho. Ndiyo maana mimi siamini kwamba ilikuwa tamaa tupu. Mtu mwenye tamaa angekuwa mwangalifu zaidi! Naona kitu cha kawaida kabisa: vijana walio kileleni, wanaorekodi kila siku, na hakuna mtu studio aliyethubutu kuwaambia wimbo huu uacheni.

Na wingi wa nyimbo wenyewe si hirizi. Juni ya mwaka uleule wa 2018 Kanye West alitoa albamu ya nyimbo saba, haifiki hata dakika 24, ikaanza namba moja na hesabu ya 208,000. Nyimbo saba ziliishinda 24. Migos waliporudi na Culture III mwaka 2021, wakiwa na nyimbo 19, waliishia namba mbili.

“Wakosoaji waliiponda.”

Hapana. Walichofanya ni kugawanyika, na wengi wao waligawanyika ndani ya makala moja. Walisifu Stir Fry, ule mdundo wa Pharrell Williams unaoruka kama mafuta kwenye kikaango cha rolex, ile chapati yetu ya mayai. Walisifu jinsi watatu wale wanavyodakiana mistari, na vile vikorombwezo vyao nyuma ya sauti, ambavyo mtu wa taarabu angevielewa haraka kuliko profesa wa muziki. Kisha aya inayofuata wakalalamika kwamba nusu ya pili inachosha. Kwa mkosoaji hilo ni kosa zito, maana kazi yake ni kukaa aisikilize tangu mwanzo hadi mwisho bila kuruka. Mteja wangu hakuwahi kuisikiliza hivyo. Alikuja na orodha kichwani: MotorSport, ile ya Nicki Minaj na Cardi B, Walk It Talk It, ile ya Drake, Stir Fry, basi. Wawili hawa wakibishana kuhusu Culture II hawazungumzi kitu kimoja. Mmoja ameonja sufuria nzima, mwingine ameokota nyama.

Kama unataka rai yangu: mle ndani mna albamu ya nyimbo 12 iliyo bora kuliko Culture ya kwanza. Ila ukaitafute mwenyewe.

“Msikilizaji wa Uganda hana subira ya albamu ndefu.”

Hili ndilo linaloniudhi. Nchi hii ndiyo nchi ya kadongo kamu. Mtu mmoja na gitaa lake, kama marehemu Paul Kafeero, anakusimulia kisa kwa wimbo mmoja unaopita dakika kumi, na abiria wa taksi nzima wanakaa kimya wasipitwe na neno. Hata mimi, ambaye Luganda changu ni cha kuombea maji, nimewahi kupitisha kituo changu kwa kufuatilia nani kamfanyia nani nini. Subira ipo. Inataka kisa kinachosogea, na trap, aina ya rap wanayopiga Migos, haisogei kwa kisa, inasogea kwa mdundo. Dakika tatu za namna hiyo ni raha. Saa moja na dakika 45 ni jambo lingine.

Halafu kuna bei. Kwa ubora wa kilobiti 160 kwa sekunde, albamu hii inakula karibu MB 126 kila ukiisikiliza mtandaoni. Julai 2018 ikaja kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa kutumia mitandao ya kijamii, na Julai 2021 ikaondolewa, ikaja asilimia 12 juu ya bando lenyewe. Kijana wa boda akichagua nyimbo nne aache 20, usimwite mvivu. Anapiga hesabu.

Mengine mawili nayapitia mbiombio. Wanaosema albamu ndefu za rap zilizaliwa na mitandao wamemsahau 2Pac, aliyetoa nyimbo 27 kwenye CD mbili mwaka 1996. Na wanaosema Migos ndio waliobuni ule mtindo wa kutema silabi tatu-tatu wakawasikilize Three 6 Mafia wa Memphis, miaka ya tisini. Migos waliueneza dunia nzima kuanzia 2013, na hiyo pekee ni sifa kubwa.

“Takeoff alikuwa wa kujazia.”

Takeoff ni mmoja wa wale watatu, na hili lilitokana na kukosekana kwake kwenye Bad and Boujee, wimbo wa Migos uliofika namba moja Marekani Januari 2017. Watu wakamwona abiria. Sikiliza zile nyimbo za katikati ya Culture II, zile mnazoziruka: mara nyingi anayeziokoa ni yeye, sauti nzito, pumzi haikatiki, hana haraka.

Aliuawa kwa risasi Houston tarehe 1 Novemba 2022, akiwa na miaka 28. Wiki ile alikuja kijana mmoja wa boda ambaye mwaka 2018 alinifutisha nyimbo 15 za albamu hii akisema zinamjazia simu bure. Akataka zote 24. Memori kadi ikakataa, imejaa. Akakaa kwenye benchi akaanza kufuta picha, moja moja.