Tredi ya mkongwe NBA: acha kulinganisha majina, piga hesabu ya mishahara

Siku ya mwisho ya tredi, yaani timu kubadilishana wachezaji, kwenye NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, kwa kawaida huangukia Alhamisi ya mwanzoni mwa Februari, na dirisha hufungwa saa 9 alasiri kwa saa za New York. Kwa Dar es Salaam hiyo ni saa 5 usiku. Ikifika saa 6 makundi ya WhatsApp yanawaka moto, na kesho yake jioni ubishi umeshahamia viwanjani, Donbosco Upanga na JMK Park pale Kidongo Chekundu. Mpira umewekwa chini, watu wanarushiana maneno: "Yaani mtu mzima na pete zake za ubingwa wamemtoa, wamechukua hawa watoto wawili? Hiyo timu imelogwa."

Haijalogwa. Sisi tumekuzwa na usajili wa Simba na Yanga: klabu inataka mchezaji, inatoa dau, klabu nyingine inapokea fedha, mchezaji anamwaga wino kwenye mkataba mpya. NBA hakuna dau, na mchezaji anahama na mkataba wake uleule, mshahara na miaka iliyobaki kama ilivyo. Fedha taslimu inaweza kuongezwa, lakini kwa kiasi chenye ukomo kwa mwaka. Kwa hiyo kinachobadilishwa pale ni karatasi kwa karatasi, na nyingi ya timu zimeshapita kikomo cha mishahara, hivyo karatasi hizo lazima zikaribiane uzito.

Tuone kwa namba. Mkongwe analipwa dola milioni 30 kwa mwaka. Timu inayomtaka ina kijana wa milioni 22, na iko chini ya kile nitakachokiita kizingiti cha kwanza, yaani mstari wa jumla ya mishahara ya timu uliowekwa juu ya kikomo. Mkataba wa pamoja wa 2023 kati ya ligi na chama cha wachezaji ulianza hivi: ukitoa mshahara wa kati ya milioni 7.5 na 29, unaruhusiwa kupokea ulichotoa ukiongeza milioni 7.5. (Nyongeza hiyo hupanda pamoja na kikomo cha mishahara, natumia ya mwanzo ili hesabu iwe nyepesi.) 22 na 7.5 ni 29.5. Imepungua nusu milioni, na kwa nusu milioni hiyo ligi haipitishi. Basi anaongezwa mtu wa milioni 2 anayesugua benchi. Sasa ni 24 na 7.5, yaani 31.5, na mlango umefunguka. Huyo wa milioni 2 ndiye kesho yake kijiweni ataitwa "takataka waliyobambikiwa", wakati yeye ni chenji tu ya kukamilisha nauli.

Kuna gharama nyingine ambayo haionekani. Timu ikipokea zaidi ya ilichotoa kwa kanuni hiyo, kizingiti cha kwanza kinageuka ukuta kwake hadi msimu uishe. Hata mtu wa kuziba pengo la majeruhi hawezi kusajiliwa kama atawavusha. Msimu wa 2025/26 kikomo cha mishahara ni dola milioni 154.6, kizingiti cha kwanza ni karibu milioni 196 na cha pili karibu 208. Aliye juu ya cha kwanza anapokea sawasawa na anachotoa au pungufu, hana nyongeza. Aliye juu ya cha pili hali yake ni mbaya kuliko hapo: haruhusiwi kuunganisha mishahara ya wachezaji wawili ili apate mmoja mkubwa, wala kutia fedha taslimu kwenye tredi. Ukisikia mtu anapendekeza timu ya juu ya kizingiti cha pili itoe wachezaji watatu wa milioni 10 ichukue mkongwe wa milioni 30, mwambie akae chini anywe maji.

Mfano bora wa kujifunzia haya yote uko mezani kwetu wenyewe. Hasheem Thabeet, kijana wa Dar, alichaguliwa namba 2 kwenye drafti ya 2009 (zamu ya kila mwaka ya timu kuchagua vijana wapya) na Memphis Grizzlies, nyuma ya Blake Griffin tu. Katika muda wa miezi 13 alitrediwa mara mbili, na mara zote mbili upande wa pili kulikuwa na mkongwe. Wengi wetu hapa tulizisoma kama habari za kijana wetu kutemwa. Ukizisoma kama mikataba zinasema mengi zaidi.

Ya kwanza ni ya Februari 24, 2011. Memphis waliwapa Houston Rockets Thabeet, DeMarre Carroll na nafasi ya drafti ya raundi ya kwanza, wakapokea Shane Battier na Ish Smith. Kanuni ya wakati ule ilikuwa kupokea hadi asilimia 125 ya ulichotoa na dola 100,000 juu yake. Thabeet alikuwa analipwa kama milioni 4.8, asilimia 125 yake ni milioni 6, ongeza laki moja, 6.1. Battier alikuwa anapata zaidi ya milioni 7. Thabeet peke yake hatoshi. Ongeza Carroll, aliyekuwa na kidogo juu ya milioni 1, na pengo linazibika. Carroll hakuwekwa mle kwa bahati.

Sasa kwa nini Memphis walipe kijana wa namba 2 na nafasi ya raundi ya kwanza kwa mtu wa miaka 32 ambaye mkataba wake unakwisha miezi michache baadaye? Kwa sababu Rudy Gay alikuwa ameumia bega siku chache kabla, na walihitaji winga anayejua kukaba leo, si mwaka kesho. Hapa kuna utamu wa historia: Battier aliwahi kuwa wa Memphis tangu 2001, akapelekwa Houston mwaka 2006 kwa kubadilishana na huyohuyo Rudy Gay, aliyekuwa ametoka kuchaguliwa. Alikuwemo 2004, 2005 na 2006, Memphis walipofungwa 4-0 mara tatu mfululizo kwenye mtoano. Michezo 12, ushindi sifuri.

Aprili 17, 2011, mchezo wa kwanza dhidi ya San Antonio Spurs waliokuwa namba 1 ya kanda ya Magharibi. Spurs wanaongoza 98-96. Zimebaki sekunde 23.9, Battier anapiga pointi tatu, inaingia, 99-98. Mchezo ukaisha 101-98, ushindi wa kwanza wa mtoano katika historia ya Memphis. Mfululizo wakaumaliza 4-2, namba 8 kumtoa namba 1, kisha wakasimamishwa na Oklahoma City kwa michezo 7. Desemba hiyo Battier akatua Miami bure, na huko akachukua ubingwa 2012 na 2013. Je, Memphis walipata hasara? Mimi nasema hapana. Walimkodi, na kodi ilirudi. Lakini nakubali kwamba bila lile bega la Gay bei ile ilikuwa kubwa mno, na anayebisha upande huo ana hoja.

Tredi ya pili, Machi 15, 2012: Houston waliwapa Portland Thabeet, Jonny Flynn na nafasi ya raundi ya pili, wakachukua Marcus Camby, aliyebakiza wiki moja kutimiza miaka 38. Houston walitaka ribaundi, yaani mtu wa kudaka mipira iliyokosa kikapu, za kuwafikisha mtoano. Wakamaliza 34-32, nafasi ya 9, nje. Camby akaenda New York kiangazi hicho. Hapo mkongwe hakukosea. Tatizo ni kwamba timu ya nafasi ya 9 haitengenezwi na mtu mmoja wa dakika 24.

Ila macho ya Dar siku hiyo yalikuwa kwa Thabeet, na tredi yenyewe ilikuwa pembeni. Siku hiyohiyo Portland walimtoa mkongwe mwingine, Gerald Wallace, kwenda New Jersey Nets, wakapokea Mehmet Okur, Shawne Williams na nafasi ya raundi ya kwanza iliyolindwa 1 hadi 3. Maana ya kulindwa ni hii: ikiangukia namba 1, 2 au 3, Nets wanabaki nayo; ikiangukia 4 kushuka chini, inakwenda Portland. Iliangukia 6. Portland wakamchagua Damian Lillard. Kwa hiyo unapoona "raundi ya kwanza" kwenye habari ya tredi, usishangilie wala kulia kabla hujaona imelindwa vipi. Nafasi iliyolindwa 1 hadi 14 ni ahadi ya mtu atakayechaguliwa kuanzia namba 15, nayo ni bidhaa nyingine kabisa.

Mambo mengine yanayoangusha hoja za vijiweni nayapitia haraka. Timu haiwezi kujiacha bila nafasi ya raundi ya kwanza miaka miwili ijayo inayofuatana, kwa hiyo "wape raundi ya kwanza nne mfululizo" haipo; ndiyo maana utaona miaka inarukwa na katikati panawekwa haki ya kubadilishana nafasi. Aliyesajiliwa kiangazi akiwa huru kwa kawaida hatrediwi kabla ya Desemba 15. Kuna wakongwe wachache wenye kifungu cha kukataa tredi. Ili kukiomba unahitaji misimu 8 kwenye ligi na 4 kwenye timu hiyo, na akisema sitaki, yamekwisha.

Na suala la umri. "Amezeeka" si hoja mpaka useme kimeisha nini. Mguu wa kwanza kuondoka ni wa kukaba pembeni na kurudi nyuma kwa kasi. Mkono wa kupiga pointi tatu hudumu. Angalia anachezaje siku ya pili timu ikicheza siku mbili mfululizo, na anakwenda mara ngapi kwenye mstari wa faulo. Mechi za mashariki mwa Marekani zinaanza saa 9 na nusu usiku kwetu, najua usingizi ni mtamu, lakini vipande vya dakika mbili vya asubuhi havikuonyeshi mtu akipitwa.

La mwisho ni kwa wale wanaosema "watamtredi halafu atarudi nyumbani". Mwaka 2010 iliwezekana: Cleveland walimtoa Zydrunas Ilgauskas kwa Washington, Washington wakavunja naye mkataba, Machi akarudi Cleveland. Mkataba wa pamoja wa 2011 ukalifunga hilo. Leo akiachwa na timu iliyompokea anaweza kwenda kwingine, si kule alikotoka, mpaka mkataba ule aliotrediwa nao uwe umekwisha muda au upite mwaka mmoja, kutegemea kipi kinatangulia. Na akiachwa baada ya Machi 1, hiyo timu mpya haiwezi kumchezesha mtoano.