Masizi Yanavyoikinga Sumu Dhidi ya Jua la Nairobi

Moshi wa dizeli katika Barabara ya Jogoo, wa jiko la makaa na wa taka zinazoungua katika jaa la Dandora una asili moja: kitu kimechomwa bila kuungua kikamilifu. Mabaki yake huungana kuwa hidrokaboni, yaani viwanja vya kaboni na hidrojeni, zenye pete kadhaa za kaboni, ambazo moshi unapopoa hushikamana na chembe za masizi. Inayojulikana zaidi ni benzopaireni, yenye pete 5, ambayo Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka katika Kundi la 1, yaani vitu vilivyothibitika kumsababishia binadamu saratani.

Hidrokaboni hizi hufyonza miale ya urujuanimno, kisha huipitisha nishati yake kwa oksijeni iliyo karibu, nayo oksijeni hiyo ikawa kali kiasi cha kuzishambulia pete zenyewe. Wakati huohuo mwanga huivunja ozoni na, penye mvuke wa maji, huzaa radikali za hidroksili, yaani vipande vikali vya oksijeni na hidrojeni, ambavyo hudumu chini ya sekunde moja lakini huharibu takriban kila kiwanja cha kaboni vinachokutana nacho. Nairobi, iliyo karibu na ikweta na kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, haikosi miale hiyo, ingawa mawingu ya Julai huipunguza.

Hata hivyo, wingi wa jua hautoshi kuziharibu hidrokaboni hizo. Majaribio ya maabara yameonyesha kwamba benzopaireni iliyopakwa juu ya unga mweupe wa silika huharibika kwa saa chache, ilhali iliyoshikamana na chembe nyeusi zenye kaboni nyingi hudumu muda mrefu mno, kwa kuwa weusi huo huufyonza mwanga kama mwavuli kabla haujazifikia molekuli zilizojificha vinyweleoni. Masizi ya dizeli, kwa bahati mbaya, ni meusi hasa.

Wala kuvunjika si kutakasika. Baadhi ya mazao yake ni kwinoni, viwanja vyenye oksijeni ambavyo huweza kuchochea msongo wa oksidi, yaani uharibifu unaoletwa na oksijeni kali, katika chembe hai za mapafu. Ndiyo maana kikomo cha Shirika la Afya Duniani cha mwaka 2021, mikrogramu 5 za chembe laini za hewani (PM2.5) kwa mita moja ya ujazo kama wastani wa mwaka, hakimalizi swali: kipimo hicho ni cha uzito, nao uzito hautofautishi masizi yaliyotoka bombani sasa hivi na yaliyoshinda juani tangu asubuhi.