Si kila mgongo mweusi baharini Malindi ni orka

Kusi ikivuma, kuanzia Julai hadi Septemba, video za mgongo mweusi ukiibuka nje ya miamba ya Malindi husambaa kwenye simu, na wengi huandika: "Orka, nyangumi muuaji!" Karibu kila mara huyo ni nyangumi wa nundu, aliyetoka bahari ya Antaktika kuja kuzaa katika maji yetu ya uvuguvugu.

Tazama pezi la mgongoni. La nyangumi wa nundu ni fupi, limekaa juu ya kinundu, na akizama kwenda chini sana mara nyingi huinua mkia wote hewani. Orka dume ana pezi lililosimama wima, linaloweza kufika mita 1.8; la jike ni fupi na limepinda. Nyuma ya jicho ana baka jeupe, na nyuma ya pezi baka la kijivu kama tandiko la punda. Hilo la kijivu hutofautiana kwa kila mmoja, ndiyo maana watafiti humpiga picha ubavuni.

Orka hupita pwani ya Kenya, ila kwa nadra. Tena ni wa jamii ya pomboo, mkubwa kuliko wote.

Yeyote utakayemwona, nahodha apunguze mwendo na asimkatie njia. Akiwa na mtoto, tafadhali, kaeni mbali zaidi.