Poseidon si waziri wa bahari

Juzi mpwa wangu wa Tanga kanitumia ile picha kwenye WhatsApp, nadhani na wewe umeshaipata: watu kumi na wawili waliojifunga mashuka meupe wamepangwa kwa mistari, chini ya kila mmoja imeandikwa kazi yake. Zeus radi, Poseidon bahari, Aphrodite mapenzi, Ares vita, Hermes safari, inaendelea hivohivo. Akaniuliza, "Mjomba, wale wazee unaoendaga kwenye ibada zao huko Athens, kwa hiyo mtu akitaka mchumba anamwomba Aphrodite, akitaka kusafiri anamwomba Hermes, eti? Na huyu Hestia mbona wamemwandikia moto wa jikoni tu, ana kazi gani?"

Nikaanza kumjibu kwa voisi, nilipofika dakika ya kumi na moja nikaona hapana, hili niliandike, maana si yeye peke yake. Naulizwa na wageni ninaowazungusha magofuni, naulizwa na wanafunzi, nimeshaulizwa hadi kwenye foleni ya benki. Mungu wa nini. Huyu wa nini, na yule wa nini. Miaka yote hii nashughulika na dini ya Wagiriki wa kale na hawa wa leo wanaoifufua, na swali ni hilohilo, na kila siku najibu taratibu, leo sijibu taratibu.

Mengine niyapitie mbio. Hapana, si Wicca, ile dini ya uchawi ya kisasa ya Wazungu. Hapana, Hades si Shetani, ni mwenye nyumba ya wafu na watu wa kale hata jina lake walikuwa wanakwepa kulitaja. Hapana, si vijana walioangalia muvi wakachanganyikiwa: baraza lao kuu, YSEE, lipo tangu 1997, na mwaka 2017 serikali ya Ugiriki iliitambua dini yao kama "dini inayojulikana", ndo lugha ya sheria ya huko. Kabla ya hapo, Januari 2007, kundi lingine linaloitwa Ellinais lilifanya ibada katikati ya Athens kwenye hekalu la Zeus Olympios, pale penye nguzo 15 zilizosimama na moja iliyolala tangu dhoruba ilipoiangusha mwaka 1852, na wizara ya utamaduni ilikuwa haitaki. Kuchinja, wengi hawachinji, wanatoa ubani, divai, maziwa, asali, shayiri, maua. Hayo yameisha.

Turudi kwenye orodha.

Ubaya wa ile orodha si kwamba kila neno lake ni uongo. Ubaya wake inakufanya uwaone miungu kama baraza la mawaziri, kila mtu na wizara yake, ukiwa na shida ya maji unapanga foleni wizara ya maji. Mgiriki wa kale aliyeshika mbuzi wake kamba mkononi hakuanzia hapo, na hawa wa leo wanaojua wanachofanya hawaanzii hapo. Wanaanza na lakabu, lile jina la pili linalofuata jina la mungu. Zeus yupi? Apollo yupi, na wa wapi? Bila lakabu hujamwita mtu, umepiga kelele tu barabarani, "weee Juma!", na Juma wako kumi.

Na sisi wasomaji wa Kiswahili hili tunalo tayari kwenye Biblia, tunalipita tu. Fungua Matendo ya Mitume sura ya 19. Mafundi wa fedha wa Efeso wamechachamaa kwa sababu ya Paulo, biashara yao inayumba, umati umejaa kwenye uwanja wa michezo unapiga kelele muda wa saa mbili. Wanasema nini? Hawasemi Artemi wa uwindaji. Wanasema Artemi wa Waefeso ni mkuu. Wa Waefeso! Na huyo wa Efeso ukimwona kwenye sanamu zake zilizobaki amesimama wima kama mhimili, kifuani vimening'inia vitu vya mviringo safu kwa safu ambavyo wataalamu mpaka leo wanabishana kama ni matiti, au korodani za fahali, au mapambo ya nguo, na uta hana wala mshale. Sasa mweke huyo kwenye ile picha ya mashuka meupe uniambie anakaa kisanduku gani.

Poseidon ndo kabisa. Mantineia ni mji wa Arcadia, bara, milima kila upande, na Poseidon alikuwa mkubwa sana kwao, Poseidon Hippios, wa farasi. Mji wa Troizen walikuwa wanampa malimbuko ya mavuno. Tetemeko la ardhi likipiga ni yeye, mtikisa nchi, mshairi Homer anamwita hivo tena na tena. Farasi, mazao, ardhi inayotikisika, na wewe umeniandikia bahari, ukamaliza. Aphrodite naye, Sparta walikuwa na sanamu yake ya mbao amevaa silaha, na Knidos walimwita Euploia, wa safari njema ya majini, kwa hiyo, mpwa wangu, baharia wa Knidos akitaka kusafiri hakumtafuta Hermes, alimtafuta huyohuyo uliyemwachia kazi ya wachumba.

Lakini mfano ninaoupenda kuliko yote, na ningekuwa na uwezo kila mtu angeusoma kabla ya kufungua mdomo, ni wa Xenophon, jemadari na mwandishi wa Athens. Mwaka 399 KK huyu bwana amerudi kutoka vita vya Uajemi, amewaongoza maelfu ya askari wa kukodiwa katikati ya theluji ya Armenia wakatoka, kafika mji wa Lampsakos, na hana hela. Hana kabisa. Itabidi amuuze hata farasi wake anayempenda. Anakutana na mwaguzi mmoja anayemjua kutoka nyumbani, Eukleides wa Phlius, naye Eukleides anamuuliza umerudi na dhahabu kiasi gani, Xenophon anaapa kwamba hana hata nauli ya kumfikisha kwao. Eukleides haamini, nani ataamini, jemadari mzima. Mpaka siku Xenophon anamtolea Apollo dhabihu, kamsimamisha Eukleides pembeni, mwaguzi akaangalia matumbo ya mnyama akasema sasa naamini, na nakuambia kinachokukwamisha: ni Zeus Meilichios. Umewahi kumtolea, kama nilivyozoea kumtolea kwa niaba yenu kule nyumbani? Xenophon anasema tangu nitoke nyumbani, sijawahi.

Sasa simama hapo. Huyu mtu safari nzima alikuwa anamtolea Zeus! Zeus Basileus, Mfalme, ndiye aliyeelekezwa na Delphi, kwenye uaguzi wa Apollo, na kila jambo kubwa likija anachinja, anaangalia ishara, anaamua. Kwa hesabu ya ile picha ya WhatsApp Zeus ameshalipwa, deni hakuna. Kumbe Basileus kalipwa na Meilichios anadai. Kesho yake Xenophon akachinja nguruwe, akawateketeza wazima kwa desturi ya kwao, hakuliwa hata kipande, na ishara zikawa nzuri. Siku hiyohiyo wakafika watu na hela za jeshi, wakamrudishia na farasi wake, yule aliyemuuza kwa dariki 50, sarafu za dhahabu za Uajemi, walikuwa wamemkomboa kwa sababu walisikia anampenda, na bei wakakataa kuipokea.

Huyo Meilichios wenyewe, pale Piraeus, bandari ya Athens, walimchonga kwenye mawe kama nyoka mkubwa mwenye ndevu. Zeus. Nyoka. Radi hana hata moja.

Hapa ndo vitabu vya kiada vinaniudhi, na naomba mnivumilie. Kitabu kitakwambia lakabu ni "sura" au "pande" za mungu mmoja, Zeus ni mmoja ila ana pande nyingi, tumemaliza, ukurasa unaofuata. Mimi sidhani tumemaliza. Kama ni mtu mmoja mwenye pande nyingi, inakuwaje upande mmoja unapokea sadaka miaka miwili na upande wa pili haujui? Na kama ni wawili, mbona jina moja, na mbona Xenophon hashtuki, hasemi "kumbe wako wawili"? Anaenda tu kununua nguruwe. Nimekaa na jambo hili muda mrefu na kusema ukweli sina jibu linaloniridhisha, nimewahi kufundisha upande mmoja mwaka mzima halafu mwaka uliofuata nikafundisha upande wa pili, na siku zote mbili nilimaanisha. Ninachokishika ni kwamba wenyewe walifanya ibada kwa lakabu kwanza, maelezo baadaye, na kule kwenye dialogi ya Plato inayoitwa Cratylus Socrates anasema kwenye sala desturi ni kuwaita miungu kwa majina yoyote wanayopenda kuitwa. Yaani wanaacha mlango wazi. Hawajui yote na wanasema mbele ya mungu mwenyewe kwamba hawajui.

Na nitakuwa sijatenda haki nisiposema hili, maana kuna mtu atanikamata nalo: mgawanyo wa kazi upo pia kwenye maandishi ya zamani. Mwanahistoria Herodotus anasema Homer na mshairi mwenzake Hesiod ndio waliowapa miungu lakabu zao, heshima zao na ufundi wao. Na kwenye Iliad, utenzi wa Homer, kitabu cha 15, Poseidon mwenyewe anasimulia walivyopiga kura yeye na ndugu zake, yeye akapata bahari, Hades akapata giza, Zeus akapata mbingu. Sawa. Ila msikilize mpaka mwisho, anaendelea kusema ardhi na Olympus ni mali ya wote watatu, na anasema hivyo kwa hasira, anagombania eneo. Hata hao kumi na wawili wenyewe, kule Olympia kati ya wale kumi na wawili kulikuwa na Kronos, Rhea na mto Alpheios. Mto!

Haya, hawa wa leo wanafanyaje. Kuna bibi mmoja mtaa wa Kypseli, Athens, fleti ya ghorofa ya nne, huwa ananiita siku ya noumenia. Kwa mtu wa pwani noumenia haihitaji maelezo marefu: mwezi umeandama, siku inaanza magharibi jua likizama, mwezi una siku 29 au 30, na kila mara kuna mmoja anayesema umeonekana na mwingine anayesema bado. Usiku wa mwisho kabla ya hapo ni deipnoni, yaani chakula cha jioni, cha mungu wa kike Hekate, chakula kinaachwa njia panda, nyumba inafagiliwa, madeni madogo yanalipwa.

Jioni yenyewe mambo ni machache. Kernipsi kwanza: kijiti kinawashwa, kinazimwa ndani ya maji, watu wananawa mikono na uso, asiyenawa hasogei. Shayiri inarushwa. Divai kidogo kwa Hestia. Kisha ubani, na hapo ndo ukiwa na masikio utasikia, bibi hasemi "Zeus" akanyamaza, hata siku moja. Anasema Zeus Ktesios, halafu anafungua kabati la jikoni. Mle ndani, kati ya unga na pakiti za tambi, kuna mtungi mdogo una sufu nyeupe kwenye masikio, ndani maji, mafuta ya zeituni na mchanganyiko wa nafaka na matunda. Huyo ndiye. Mlinzi wa kilichomo kabatini. Anamwaga cha mwezi uliopita, anaosha, anajaza upya, anafunga kabati. Zamani ilikuwa ibada ya ndani kwelikweli, Isaeus, mwandishi wa hotuba za mahakamani, kwenye kesi moja ya mirathi anaeleza mzee aliyekuwa akimtolea Ktesios bila kuruhusu mtumwa wala mtu wa nje kusogea, wajukuu tu, na ndo maana siku bibi aliponiambia nishike ule mtungi aoshe kabati nilibaki kimya kwa muda.

Zeus Herkeios ndo tunabishana. Huyo ni wa uani, wa ua wenyewe, na halikuwa jambo dogo: Athens ya karne ya nne KK mtu akiteuliwa kuwa arkoni, mmoja wa viongozi wakuu wa mji, aliulizwa kwanza baba yako nani, mama yako nani, una Apollo Patroos, wa mababu, na Zeus Herkeios na madhabahu zao ziko wapi, makaburi ya familia yako wapi, wazazi unawatendea vizuri, kodi unalipa. Ziko wapi! Mtu bila ua hana jibu. Sasa ghorofa ya nne ua uko wapi? Bibi anaweka chetezo barazani, pale kwenye vyuma vya kuzuia mtu asidondoke, anasema mpaka wa nyumba yangu ni hapa. Mimi nasita. Ua wa kale ulikuwa wa familia nzima, umezungushiwa ukuta, madhabahu katikati, na baraza ya fleti inachungulia kwa jirani. Yeye ananijibu kwamba mungu wa mpaka anakaa penye mpaka. Huenda yeye ndiye anayeelewa, maana anaishi nalo, mimi nalisoma. Mnyororo ulikatika, tusidanganyane, sheria za Theodosius, Kaisari wa Roma, za mwaka 391 na 392 zilifunga mahekalu na kuzuia sadaka hata za majumbani, na hakuna bibi aliyemfundisha bibi huyu, kajifunza vitabuni kama mimi. Lakini alipojifunza hakuchukua orodha ya kazi. Alichukua lakabu na mahali pake.

Kwa hiyo mpwa wangu, Hestia. Umeuliza ana kazi gani. Kuna wimbo wa zamani wa kumsifu, mfupi, mistari michache tu, unasema bila yeye binadamu hawana karamu, mtu hawezi kuanza bila kummiminia divai wa kwanza na wa mwisho. Hana hadithi karibu yoyote, hakugombana na mtu, hakukimbizana na mtu, ndo maana kwenye picha yako anaonekana kama kajazia nafasi. Jioni ile Kypseli waliitwa Zeus wawili, Hermes, Apollo wa mlangoni na Hekate, kila mmoja na lakabu yake, na kabla yao wote glasi iliinamishwa kwa Hestia. Ilipoisha bibi akaipokea tena ile glasi, akainamisha, tone la mwisho likawa lake, ndo tukakaa mezani.