Maji ya moto na chumvi hayazibui mishipa ya miguu

Watu wengi wenye kisukari huamini kuwa kuloweka miguu kila jioni kwenye beseni la maji ya moto yenye chumvi huzibua mishipa na kuondoa ganzi. Imani hii ina chanzo: joto hutanua mishipa midogo ya ngozi, na mguu hupata nafuu ya muda.

Lakini kizuizi kiko ndani ya ateri kubwa, yaani mishipa inayopeleka damu miguuni, zilizofanywa nyembamba na mafuta yaliyoganda ukutani. Joto la beseni haliyayeyushi. Ganzi nayo mara nyingi hutokana na neva (mishipa ya fahamu) zilizoharibiwa na sukari, ndiyo maana mtu huungua asisikie, akaona malengelenge baadaye. Kuloweka kwa muda mrefu pia hukausha ngozi, visigino vikapasuka na vijidudu vikaingia. Osha haraka kwa maji yasiyozidi nyuzi 37, ukiyapima kwa kipimajoto au kiwiko, si kwa mguu. Kausha katikati ya vidole, na mafuta usiyapake hapo.

Kinachosaidia damu ni kuacha sigara, kutembea kama huna kidonda, na dawa za sukari, presha na lehemu (kolesteroli).

Unaweza kuhakiki kama ateri zako zimeziba. Omba kliniki wapime presha ya kifundo cha mguu na kuigawanya kwa ya mkono. Jibu chini ya 0.9 ni dalili ya ateri kuziba. Zaidi ya 1.4 si habari njema kama inavyodhaniwa: mara nyingi ateri imekakamaa na jibu haliaminiki, hivyo hupimwa presha ya kidole gumba cha mguu. Ukiona kidonda, weusi au mguu umepoa ghafla, nenda hospitali siku hiyo hiyo.